Kufuli ya Nne

Sauti ilikuwa ya mwanamke, ina kikohozi kidogo,
nyuma yake kuku, na mtoto akiulizia chumvi.
Dakika moja na sekunde kumi na nne.
"Jamani, vile vidonge vya maji msitumie.
Dada yangu katumia, kizazi kimekauka."
Dada yake nani? Sikuuliza.
Kile kikohozi kilinitosha kuwa ushahidi.
Nikaituma kwenye kundi la ukoo,
la msiba wa shemeji, ambao arobaini imepita na kundi halijafungwa,
la wapangaji, la tuliomaliza pamoja darasa la saba Vingunguti.
Kisha nikala wali wangu, nikalala.

Asubuhi gari la matangazo likashuka kwa mwendo wa jeneza.
"Ndugu wananchi, kipindupindu kinaua. Tibuni maji."
Kila neno lilikuwa kweli.
Lakini sauti ile tuliijua:
ndiyo iliyotusomea siku saba za kuhama bondeni,
ndiyo iliyoahidi fidia,
na X nyekundu ingalipo ukutani kwa Mzee Masumbuko,
masika tatu hazijaifuta.
Ukweli ukipanda gari la jana
nani atautandikia mkeka?

Mtaa wetu una mfereji katikati.
Wa juu wana bendera yao, wa bondeni yao,
hata genge la nyanya lina chama.
Wa juu wakasema: wale wanakataa kwa ujinga.
Wa bondeni wakasema: wale wanakubali kwa kujipendekeza.
Kidonge, kidogo kuliko kifungo cha shati,
kikageuka kadi ya uanachama.
Maji yenyewe hayakuulizwa.
Yakaendelea kupita chini ya wote,
yakichukua cha huku kupeleka kule.

Siku ya nne Chausiku wa Masumbuko akatolewa kwa bajaji,
amekunjwa kama kanga iliyokamuliwa.
Nikaishika simu niifute ile sauti.
Muda ulikuwa umepita; ikanipa njia moja tu:
*Futa kwangu.*
Kana kwamba kwangu ndiko kulikoungua.

Kilichobaki kinavuka mfereji ni kikoba cha Jumamosi.
Sanduku la bati, kufuli tatu.
Ufunguo mmoja kwa Bi Sikudhani, bondeni.
Wa pili kwa Eliaichi wa mitumba, juu.
Wa tatu kwa Mwajabu, anayekaa ukingoni kabisa,
kura yake hatujawahi kuijua.
Miaka tisa, haijapotea hata shilingi mia.

Hisa zikahesabiwa. Faini za wachelewaji zikatolewa kwa manung'uniko.
Bi Sikudhani hakusimama hata kusimama:
"Mimi hiyo dawa siijui ilikotengenezwa.
Na walioileta, deni letu nao halijaisha.
Lakini juzi nimetia ndooni, nikangoja nusu saa,
nikanywa. Inanuka kama shuka la hospitali.
Jana nikampa mjukuu.
Mwenye kujua zaidi aseme, nami nisikie."

Kimya. Nadhani ni lile "siijui" lililotuketisha.
Mwaka mzima hakuna aliyetwambia kwamba hajui.
Eliaichi akafunga kufuli yake, akauliza,
bila kumtazama mtu,
"Ndoo ya lita ngapi?"

Nilitaka kusema ni mimi.
Ulimi ukawa kufuli ya nne,
na ufunguo wake sikumpa mtu.

Usiku, kundi la wapangaji, mtu kaileta tena.
Kikohozi kilekile. Kuku walewale.
Mtoto bado anaulizia chumvi.
Nikaandika: *Hii niliituma mimi wiki iliyopita.
Sikujua dada yake ni nani. Mpaka sasa sijui.*
Tiki mbili. Zikawa za bluu.
Mama Pendaeli *anaandika...*
akaacha.
*Anaandika...*